Mafundo Mawili ya Taulo

Kofia ilisema mgando, na mimi nilifurahi. Naandika ilivyokuwa, sitaki kujipamba. Nilifurahi mpaka nikasema "asante Mungu" kwa sauti, kwa sababu mgando una dawa, na aliyelala pale kitandani alikuwa Matroni Oresta Mligo, mwanamke aliyenifundisha kazi hii enzi zile nina mdomo mwingi na akili kidogo.

"Mgando. Ubongo wa kushoto," Kofia ilirudia, pale pale ilipovalishwa kichwani mwake, kwa ile sauti ya upole ambayo sijawahi kuipenda. "Uhakika ni tisini na sita kwa mia. Kiyeyushi kinaandaliwa."

Kitanda kikaanza kushuka upande wa kichwa, taratibu, mpaka Matroni akalala sawasawa. Sikukigusa. Vitanda vya wadi ya viharusi hapa Nyumbalilo vinaitii Kofia, kabati la dawa linaitii Kofia, hata mapazia. Nesi yupo wa kubeba, kufuta, kugeuza, na kubembeleza ndugu.

Ndugu mwenyewe alikuwa Ezelina, binti wa mwisho wa Matroni, amesimama mlangoni na tope la shamba la viazi miguuni. Walikuwa wamemleta kwa pikapu ya jirani, saa tatu asubuhi, ukungu umeziba madirisha yote. Juni ya kwetu huku milimani si mchezo, maji ya pipa yanaamka na ganda la barafu juu.

"Mgando ndio nini, Dada Vaileti? Ni mzuri au mbaya?"

"Katika mabaya mawili, ndio wenye nafuu," nilimwambia. "Kiharusi kipo cha namna mbili. Kuna damu kuganda ndani ya mshipa, basi kipande cha ubongo kinakosa damu. Huo ndio mgando. Na kuna mshipa kupasuka, damu ikavujia humo humo kichwani. Huo tunauita mvujo. Ukiwaona kwa nje ni kitu kimoja: mdomo umekwenda upande, mkono umekufa, maneno hayatoki. Ila kuwauguza ni mbali kabisa. Wa mgando unamlaza hivi, chali, kichwa chini, ili damu ifike. Wa mvujo unamwinua kichwa, unashusha presha kwa nguvu, unafunga mapazia, hutaki hata akohoe."

"Na hiyo dawa?"

"Inayeyusha damu iliyoganda. Tukiwahi, mama anaweza kuongea leo leo."

Ezelina akaanza kulia kwa furaha. Sikumwambia lile jingine, kwamba ukimpa kiyeyushi mtu wa mvujo, umemuua. Sisemi umemkosea, nasema umemuua, kwa dakika chache tu, na utakuwa umesimama hapo hapo unamtazama.

Presha ya Matroni ilikuwa mia mbili na kumi na nne. Kiyeyushi hakiingii mpaka ishuke chini ya mia na themanini na tano, kwa hiyo pampu ilikuwa imeanza kuishusha. Ikifika hapo, kabati linafunguka lenyewe na dawa inaingia. Nilimwambia Ezelina akae kwenye kiti, amshike mama yake mkono. Alimshika wa kulia, ule uliokufa, na mimi sikumsahihisha.

*

Mia mbili na nane.

Matroni alikuwa anajaribu kuinua kichwa. Shingo inakaza, kichwa kinatoka kwenye godoro vidole viwili, kinaanguka. Tena. Nikamwekea kiganja kwenye paji la uso na kumrudisha chini.

"Lala, mama yangu. Kofia inataka ulale."

Akanikazia macho. Jamani, yale macho. Miaka saba nimefanya kazi chini yake, nayajua. Ni macho aliyokuwa ananipa nikipeleka uji kwa mgonjwa ambaye sijamjaribu kama anaweza kumeza.

Enzi zake hakukuwa na Kofia. Mashine ya picha za kichwa ilikuwa moja tu, mkoani, na wengi walikuwa wanafia njiani. Matroni alikuwa anamsikiliza ndugu, anamtazama mgonjwa, anamnusa, halafu anafunga ukanda wa bendeji mguuni pa kitanda. Fundo moja, mgando. Mafundo mawili, mvujo. Ukiingia zamu husomi faili, unatazama ukanda, unajua huyu kichwa chini, yule kichwa juu. Na sisi wanafunzi ole wetu tumlaze chali mtu wa mafundo mawili! Alikuwa anakufinya, kweli kabisa, hapa juu ya kiwiko.

Kisha Kofia zikaja, miaka kumi na moja sasa. Katika semina tulielezwa kwamba zinasikiliza joto la damu kupitia ngozi na fuvu: pale damu isipofika panapoa, pale inapovujia panachemka. Tukapigiwa makofi, tukapewa vyeti. Daktari akahamishiwa makao makuu, tukawa tunamwona kwenye kioo cha ukutani tu, yeye mmoja kwa wadi arobaini. Kofia ikiisha kusoma hairudii mpaka dawa iingie, kwa sababu mwanzoni manesi walikuwa wanamvalisha mgonjwa mara tatu, mara nne, mpaka iseme wanachokitaka wao.

Njia ya kuizuia ni moja, pingamizi. Kuna kibao chekundu ukutani. Unaweka kiganja, unataja jina lako na sababu, na kila kitu kinasimama dakika thelathini.

Mimi kiganja changu kinakijua kile kibao. Miaka sita iliyopita aliletwa Filemoni Sanga, fundi seremala. Kofia ikasema mgando, mimi nikasema hapana, huyu anavuja, nikajifanya Matroni. Nikachelewesha dawa nusu saa. Ulikuwa mgando. Filemoni yupo hai, anakaa sokoni kwenye meza ya nyanya ya mkewe, na kila akiniona ananiinulia mkono wa kushoto na kucheka kwa upande mmoja. Neno hana hata moja. Siku hizi nyanya nanunua kwingine.

Baada ya pale niliapa sitakigusa tena. Miaka miwili baadaye aliletwa Mwalimu Gidioni, mume wake huyu huyu Matroni. Ilikuwa Julai. Kofia ikasema mgando, na Matroni, kishastaafu, kavaa kitenge chake kama ndugu mwingine yeyote, akaniambia kwa sauti ya chini, "Vaileti, huyu anavuja." Nikamjibu kwa adabu zote, "Matroni, siku hizi Kofia inajua." Mwalimu alifariki kabla ya saa sita mchana. Katika fomu tuliandika kwamba mgando ulikuwa mkubwa mno. Matroni hakunilaumu hata siku moja, ila chai ya kwangu aliacha kuja kunywa.

Mia moja na tisini na tisa.

"Ezelina, ilianzaje?" niliuliza. Sikuwa na sababu ya kuuliza, Kofia ilikwishasema.

"Alikuwa anamenya viazi nje. Akashika kichwa, akasema, 'Mungu wangu, kichwa kinapasuka.' Akatapika, akaanguka. Kwenye gari akatapika tena."

Kichwa kupasuka ghafla, kutapika mara mbili, presha mia mbili na zaidi. Ningekuwa mwanafunzi wake, ningejibu mvujo bila kunyoosha mkono. Lakini Filemoni naye alitapika. Wa mgando wapo wanaotapika. Na Kofia ilikuwa na tisini na sita kwa mia, mimi nilikuwa na hisia tu.

*

Kabla ya Kofia huwa tunamfuta mgonjwa kichwa kwa taulo. Maandishi yapo ukutani, juu ya stendi: FUTA KICHWA KIKAUKE KABISA KABLA YA KOFIA. Kichwa kikiwa na maji, Kofia inateleza, inalalamika na kukataa kusoma. Niliyaandika mimi, kwa mkono wangu, na wakaguzi walipokuja waliyapiga picha wakapeleka wadi zote za nyanda za juu. Asubuhi hiyo nami nilimfuta Matroni kama kawaida, taulo nikalitundika kwenye ubavu wa kitanda, upande wake wa kushoto.

Sasa alikuwa amelikamata.

Alilivuta mpaka kifuani. Akatia ncha moja mdomoni, upande wa meno yenye nguvu, na kwa mkono ule mmoja akaanza kulizungusha. Ezelina akataka kumnyang'anya. "Mwache," nikasema.

Mia moja na tisini na tano.

Vidole vyake vya kushoto vilihangaika kama vya mtu anayefunga mzigo gizani. Ncha ikapita, ikavutwa. Fundo. Kubwa, baya, lakini fundo.

Moja.

Hata Matroni mwenyewe anasema mgando! Nikacheka, nikamfuta mate kidevuni. "Tumekuelewa, mama. Fundo moja. Dawa inakuja."

Hakuniachia taulo. Akalitia mdomoni tena.

"Anafanya nini?" Ezelina aliuliza.

Nilikuwa nahesabu pamoja na mashine. Mia moja na tisini na mbili. Vidole vikateleza, ncha ikamtoka, akaitafuta kwenye shuka, akaipata. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeanza kuwa zito. Mia moja na tisini.

Fundo la pili likakaza juu ya la kwanza. Akalisukuma taulo kwangu, kisha akajaribu kuinua kichwa.

Nataka mtu yeyote atakayenihukumu asimame pale niliposimama. Ubongo wa yule mwanamke ulikuwa umeharibika nusu, hata jina la binti yake asingeweza kulitaja. Mtu wa kiharusi anaweza kuchana karatasi siku nzima, anaweza kukunja shuka, mikono inakumbuka kazi wakati kichwa hakipo. Angeendelea huenda angefunga la tatu na la nne. Nikimwamini nikakosea, nampokonya maneno yake maisha yake yote, kama Filemoni. Nisipomwamini nikakosea, namuua kama… Hapo nikasita, sikutaka kuimaliza hiyo.

Mia moja na themanini na nane. Kabati likapiga mlio wake wa kwanza, ule wa kujiandaa.

Nikalishika taulo.

Lilikuwa la baridi, baridi ya kuuma vidole. Wala si taulo lililofuta jasho la mtu aliyeanguka akimenya viazi. Lilikuwa limelowa chapachapa. Nikapitisha vidole chini ya ukingo wa Kofia, kwenye mizizi ya mabutu ya nywele za Matroni, na ngozi ya kichwa chake ilikuwa kama ya kuku aliyetoka kwenye friji.

"Ezelina. Mlimmwagia maji?"

Akanishangaa. "Si kaanguka?"

"Mlimmwagia?"

"Ndoo mbili. Ya kwanza tulipasua barafu. Kila mtu akianguka si anamwagiwa maji, Dada Vaileti? Tukambadilisha nguo tu ndiyo tukaja."

Kila mtu akianguka anamwagiwa maji. Kweli kabisa. Nimezaliwa nikilijua hilo, na kwa miaka kumi na moja nimeyafuta hayo maji kila wiki bila kuuliza yametoka wapi.

Mia moja na themanini na sita.

Nilikipiga kibao chekundu kwa kiganja mpaka mkono ukalia.

*

"Vaileti Mgaya, muuguzi, Nyumbalilo. Naweka pingamizi."

Kila kitu kikanyamaza. Kioo kikawaka, akatokea daktari wa zamu, Dokta Kiswaga, kijana mwenye macho ya mtu asiyelala.

"Sista Mgaya, sababu?"

"Kichwa kina baridi."

"Samahani?"

"Alimwagiwa maji ya barafu, Dokta. Ngozi yote imepoa. Kofia inatafuta palipopoa, na yeye amepoa kichwa kizima, hata panapovuja hapachemki. Naomba nimpashe joto, nimvalishe tena."

Akasoma kitu pembeni. "Hapa naona ulishawahi kuweka pingamizi."

"Ndiyo."

"Ukakosea."

"Ndiyo, nilikosea. Nusu saa inaisha tukiongea, Dokta."

Nilimwona akinipima. "Kitanda nimekufungulia," alisema hatimaye. "Kumlaza ni juu yako. Kipimo cha pili ngozi ikifika joto la kawaida. Kikisema mgando tena, ujue nitaandika nini."

Kumlaza ni juu yangu. Tangu Kofia zije sikuwa nimeamua kichwa cha mtu kikae wapi. Nilishika mpini wa kitanda, umeota kutu, nikauzungusha mpaka Matroni akainuka nyuzi thelathini, kichwa na shingo vimenyooka, mto mdogo huku na huku. Nikafunga mapazia, nikamvua Kofia. Kama ni mgando, kila dakika niliyomwinua pale nilikuwa namnyima damu kwa mkono wangu mwenyewe. Nilijua, na nikamwacha hivyo hivyo.

"Njoo umpashe mama yako," nilimwambia. "Mabutu yote fumua. Taulo kavu, halafu kitenge chako, halafu kifua chako. Taratibu, usimtikise."

Alipanda kitandani na viatu vyenye tope, akakikumbatia kichwa cha mama yake kama mtoto mchanga. Mimi nilikuwa nachungulia macho kwa tochi. Dakika ya kumi, mboni zote sawa. Dakika ya kumi na tano, Matroni akaacha kunitazama. Nikamwita, akachelewa kuitika kwa mkono. Dakika ya kumi na nane, mboni ya kushoto ilikuwa kubwa kuliko ya kulia, kidogo tu, na sikuwa na uhakika kama ni yeye au ni hofu yangu.

"Anasinzia," Ezelina alisema. "Ni vizuri, si ndiyo? Anapumzika?"

"Endelea kumpasha," nilisema. Nilitamani kukimbia. Nasema kweli, niliangalia mlango.

Dakika ya ishirini na mbili ngozi ilikuwa na joto. Nikamvalisha. Kofia ikapepesa taa zake za buluu dakika nne nzima, na mimi na yule binti tulishikana mikono bila kujua nani alimshika mwenzake.

"Mvujo," Kofia ilisema, kwa upole ule ule. "Ubongo wa kushoto. Uhakika ni tisini na nane kwa mia. Kiyeyushi kimezuiwa."

Kabati likafunga kufuli lake. Pampu ikabadilisha dawa, presha ikaanza kushushwa sawasawa, kuelekea mia na arobaini. Dokta Kiswaga akasema anatuma ndege ya wagonjwa kutoka mkoani na daktari wa upasuaji, dakika arobaini, nisimshushe kichwa.

"Simshushi," nilisema.

"Sista." Alikuwa anatazama nyuma yangu, ukutani. "Hayo maandishi yapo kwenye wadi zote za nyanda za juu. Huwa mnafuta maji kwa wagonjwa wangapi?"

Kila Juni na kila Julai wagonjwa wetu wa mgando hufa wengi baada ya dawa. Tulikuwa tunasema ni baridi ya huku kwetu, wazee hawaiwezi.

Kioo kikazimika. Ukungu ulikuwa umeanza kuachia madirisha. Matroni alikuwa amelala kichwa juu, anapumua, na nilipomminya kidole aliniminya na yeye, kwa mbali. Ezelina alikuwa bado yupo pale kitandani. Alikuwa ameacha kulia. Nilimwona anafikiri, na nilijua anakokwenda kabla hajafika, na sikuwa na pa kujificha.

"Dada Vaileti. Maji yetu ndiyo yalitaka kumuua mama?"

"Hapana. Maji yaliidanganya Kofia tu. Hamkukosea kitu, nyinyi mlifanya mlivyofundishwa."

Akalikunjua lile taulo mapajani, akalikunja tena. Mafundo yote mawili yalikuwa bado yapo.

"Baba naye tulimmwagia," alisema. "Julai ile. Alikuja amelowa, nakumbuka, nilikuwa nimemshika miguu. Lakini nesi alimfuta vizuri kabla ya kumvalisha."

Matroni alifumbua jicho moja akanitazama. Ningeweza kusema sikumbuki. Zamu ni nyingi, miaka ni minne, angeniamini.

"Ni mimi niliyemfuta," nilisema.